Kiti cha Namba Saba

"Vua aproni kwanza," msimamizi alisema.

Msusi alidhani hakusikia vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa ndani ya fulana ya mtu, na fulana yenyewe ilikuwa inalowa kuelekea kwenye kiwiko. Masikio yalikuwa yanavuma. Chini, juu ya sakafu iliyojaa vumbi jeusi la mpira, ilikuwapo soli moja ya kandambili, ya mguu wa kushoto, imekatwa vizuri tu kama soli zote alizokata tangu asubuhi. Pembeni yake palikuwa na kitu ambacho alikitazama mara moja, akaamua hatakitazama tena.

"Aproni ya kiwanda, mama. Huwezi kutoka nayo hapa."

"Siwezi kufungua fundo," Msusi akasema. "Nina mkono mmoja."

Namba Nane, mwanamke wa mashine ya jirani, ndiye aliyeinuka akamfungua kwa nyuma. Alimfungua polepole, kama anamvua mtoto aliyelala, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye vidole. Msimamizi akaipokea aproni, akaikunja mara mbili ili damu ibaki ndani, akaibana kwapani. Kisha akawageukia wanawake wote kwenye mstari, akapiga makofi mawili.

"Haya, mikono kazini. Hakuna aliyeumia hapa."

Ukifungua daftari la mahudhurio, alikuwa anasema kweli. Daftarini, aliyekaa mashine namba saba siku ile alikuwa binti yake Msusi, mwenye miaka ishirini na sita, mwenye mkataba na kadi yenye picha. Binti huyo muda huo alikuwa nyumbani, amelala ubavu, na mtoto wa siku kumi na tisa kifuani. Msusi alikuwa mama yake tu. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kusuka nywele barazani, na kiwandani hakuwa na mkataba, hakuwa na kadi, hakuwa na hata ndoana ya kutundikia mtandio.

Pale kiwandani hakuna aliyeitwa kwa jina. Walikuwa wanawake ishirini na wawili, na kila mmoja alikuwa namba ya mashine yake. Na palikuwa na utaratibu usioandikwa popote lakini uliojulikana na kila mtu, msimamizi akiwa wa kwanza. Ukijifungua, ukiuguliwa, ukifiwa, huombi ruhusa. Aliyeomba ruhusa alirudi akakuta mwingine ameshazoea kiti. Unamleta ndugu yako: dada, shangazi, wifi, mama mzazi. Anavaa aproni yako, anaitikia namba yako, anatia sahihi mbele ya jina lako. Wenyewe waliuita kukaliana kiti. Msimamizi alifumba macho, kwa kuwa mashine haikulala na soli zilitoka zilezile. Mwezi ule peke yake, viti sita vilikuwa vinakaliwa na watu wasio wenyewe.

Gari la kiwanda, pikapu nyeupe, lilisogezwa mlango wa nyuma. Kabla Msusi hajapanda, msimamizi alitandika nailoni ya bluu kwenye kiti cha mbele, akaichomeka vizuri pembeni.

"Kiti ni cha kitambaa," akaeleza. "Kikishika damu hakitoki."

Hawakwenda hospitali kubwa. Walikwenda kwenye zahanati ndogo nyuma ya soko, na msimamizi ndiye aliyesimama dirishani kuandikisha.

"Huyu ni shangazi yangu. Alikuwa anapasua kuni, shoka likateleza."

Muuguzi alipofungua fulana aliusogeza mkono kwenye taa. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeondoka, na pale vilipoondokea palikuwa na mkato wa duara, laini, kama umechorwa kwa kisigino cha kandambili.

"Shoka gani hili lenye kisigino?" muuguzi akauliza.

"Shoka letu limelika," msimamizi akajibu, wala hakupepesa macho.

Muuguzi akamtazama Msusi. Msusi alifungua mdomo. Akakiona kiti cha namba saba kitupu, na mwanamke mwingine anakuja kukikalia, mgeni kabisa. Akafunga mdomo.

"Ni shoka," alisema baadaye, wakati sindano inaingia.

*

Chumba chao kilikuwa kimoja, na pazia katikati. Binti aliposikia hatua alitoka nyuma ya pazia na mtoto begani, akaona bandeji, akakaa chini palepale sakafuni.

"Vingapi?" akauliza.

"Viwili."

"Vipi?"

"Vya kusukia."

Mtoto ndiye aliyekuwa na la kusema, akalisema mpaka akanyonyeshwa.

"Mama," binti akaanza, bila kuinua uso, "kile kitufe cha pili..."

"Kitufe gani?"

"Cha kulia."

"Kile kilichofungwa na mpira?"

"Kile. Hakitakiwi kufungwa. Mashine imetengenezwa uibonyeze kwa mikono yote miwili, ndipo kisu kishuke. Mikono ikiwa kwenye vitufe, haiwezi kuwa chini ya kisu. Msimamizi hukifunga kimoja ili mkono mmoja ubonyeze na mwingine uendelee kupanga mpira. Soli zinatoka mara mbili."

"Mimi nilidhani imekuja nao," Msusi alisema. "Nilidhani ule mpira ni sehemu ya mashine. Nikawa naufuta vumbi kila asubuhi."

Binti akauma midomo. Alikuwa amemfundisha mama yake kwa siku mbili, kwenye meza hii hii, na sinia likiwa ndiyo mashine: hapa unapanga, hapa unabonyeza, usimtazame msimamizi usoni, chooni ni mara mbili tu. Kitufe hakukitaja. Alikuwa amekizoea kufungwa, kama mtu anavyozoea mlango mbovu wa nyumba yake.

Jioni alipita kijana wa gari na ujumbe mfupi. Kesho Namba Saba awepo kitini, mwenyewe, na kadi yake. Asipokuwepo, kiti kina watu.

"Una siku ishirini tangu ujifungue," Msusi akasema.

"Wanataka nionekane, mama."

"Wewe?"

"Vidole vyangu."

*

Siku ya tatu msimamizi alikuja barazani na mfuko wa sukari, bahasha, na karatasi moja iliyochapwa. Kiwandani, kwa siku zote kumi na tisa, hakuwahi kumsalimia Msusi hata kwa kukohoa. Leo aliinama.

"Shikamoo, mama."

Msusi aliitikia, kwa sababu salamu ni salamu.

"Tajiri ameguswa sana. Amesema huyu mama asiachwe hivihivi. Humo kuna kitu kidogo cha kununulia dawa." Akaiweka bahasha kwenye kigoda, karatasi juu yake. "Hii ni ya kuonyesha umepokea. Basi tu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na pesa za bandeji za wiki mbili, na nauli ya kuzifuata kama zahanati ingekuwa njiani. Msusi alihesabu kwa macho. Kisha akavuta karatasi kwa mkono wa kushoto, akaanza kusoma, midomo inacheza. Msimamizi alitazama saa. Akatazama tena.

"Mama, nikusomee?"

"Nisubiri. Nilisoma mpaka la tatu, lakini lile la tatu nilisoma vizuri."

Karatasi ilisema kwamba yeye, mkazi wa mtaa ule, amepokea msaada wa kibinadamu kutokana na ajali ya nyumbani, na kwamba hajawahi kufanya kazi yoyote katika kiwanda kile, wala hatadai lolote kwa yeyote.

"Hapa pamesema sijawahi kufanya kazi kwenu."

"Ni kweli. Una mkataba?"

"Zile soli nilizokata, mtazirudisha?"

Msimamizi akacheka, kicheko cha mtu anayemchekea mtoto wa mwenzake. "Mama, usifike huko. Tukianza kuulizana, tutauliza na nani aliyekuwa anatia sahihi ya mtu mwingine. Huo ni udanganyifu. Binti yako anaondoka kesho asubuhi, na hapati hata barua. Mimi nawaonea huruma." Akatoa kidau cha wino. "Kama kuandika ni shida tutapiga dole. Kidole gumba kimebaki?"

"Kimebaki."

"Afadhali."

Lile neno ndilo lililomkaa Msusi moyoni kuliko sindano zote. Aliirudisha karatasi juu ya bahasha, na bahasha juu ya mfuko wa sukari, akausukuma mzigo wote kwa mguu, polepole, mpaka ukafika kwenye viatu vya msimamizi.

"Ninajua kuandika jina langu," akasema. "Ila mkono wa kuandikia mmebaki nao huko. Mkiupata, mlete tuandike."

*

Aliyemwelekeza ofisi ya kazi alikuwa mwalimu mmoja, mteja wake, aliyekuja na nywele zimefumuliwa tayari, akaukuta mkono. Wengine walikuja, wakaona, wakakumbuka wana haraka. Mwalimu alikaa akauliza, kisha akafunga kitambaa juu ya nywele zake zilizosimama, akamwandikia njia nyuma ya daftari la mwanafunzi.

Ofisi ilikuwa chumba chenye mafaili hadi dirishani. Afisa kazi, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchoka, alimsikiliza Msusi tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Mama, binti yako ana mkataba?"

"Anao. Wa miaka minne sasa."

"Basi alikuwa na likizo ya uzazi. Ya malipo. Miezi mitatu mizima, na kiti chake kikimsubiri. Ndivyo sheria inavyosema, si hisani ya tajiri. Na akirudi, anapewa muda wa kunyonyesha kila siku."

Msusi alimtazama kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine.

"Miezi mitatu?"

"Na mshahara."

"Sasa mimi nilikuwa nakaa pale nalinda nini?"

"Mlikuwa mnaiba kitu kilichokuwa chenu," afisa alisema. "Wanawake wote mle ndani. Nao wanawaacha muibe, kwa kuwa mwizi hashtaki."

Kisha akamweleza kwa vidole vyake vyote kumi. Mwajiri ana wajibu wa kuweka mashine salama. Akiumia mtu, ana wajibu wa kutoa taarifa, kumtibu, na kumlipa fidia. Wala hoja si jina lililo daftarini. Hoja ni nani alifanya kazi, kwa amri ya nani, kwa faida ya nani. Kama msimamizi alimjua na akamwachia afanye, basi Msusi alikuwa mfanyakazi wao, awe na kadi asiwe na kadi.

"Lakini lazima pawe na mlalamikaji. Jaza hii." Akampa fomu. "Na lazima mtu mmoja wa mle ndani aseme alikuona. Binti yako, au jirani wa mashine. Mimi nitakuja kukagua. Siwaambii siku."

"Wakisema, watafukuzwa."

"Wakifukuzwa kwa kusema, hilo ni kosa jingine, nalo lina adhabu yake."

"Na wakati adhabu inatafutwa, wanakula wapi?"

Afisa alifungua droo, akaifunga. "Jaza fomu, mama," akasema kwa upole.

Msusi aliikunja mara nne akaichomeka kwenye mtandio. Nyumbani, kila jioni, aliitoa akaitandaza juu ya sinia. Aliweza kuisoma. Kila alipofika mahali palipoandikwa *jina la mfanyakazi aliyeumia*, mkono wa kushoto ulisita.

*

Namba Nane alikuja Jumapili, na vipande viwili vya sabuni vimefungwa kwenye gazeti. Aliangalia mkono, akaangalia mtoto, akasifu mtoto mara tatu. Binti alikuwa amekwenda kuchota maji.

"Sema, mwanangu," Msusi akamwambia. "Hukutembea jua lote hili kuleta sabuni."

"Mama, sisi tunakupenda. Wewe ulitusuka sote bure ile wiki ya kwanza wakati wa kula. Hakuna asiyekulilia." Akajikuna kiganja. "Lakini tumesikia umefika ofisi ya kazi."

"Nimefika."

"Kiti cha kumi na moja yuko wifi yake. Mwenyewe amelazwa. Kumi na tano yuko dada, mwenyewe anauguza. Namba Tatu yuko mama mkubwa. Mkianza kufumua, mama, hamtafumua mstari mmoja. Kichwa kizima kitafumuka."

"Afisa anasema sheria inawalinda. Anasema hata wale wagonjwa wana likizo."

"Afisa ana kazi," Namba Nane alisema, bila ubaya. "Mimi mwezi ujao ninajifungua wa nne. Nimeshamtengeneza mdogo wangu akae. Ukisema wewe, nitamweka nani?"

"Basi mwambie asifungiwe kitufe."

Namba Nane alicheka kidogo, akaacha. "Nitamwambia," akasema. "Mimi nilikuwa nimekuona, mama. Mkono ulivyoingia nilikuona. Kila nikibonyeza nakuona." Akasimama, akafuta nguo yake. "Usinitaje."

*

Tangu binti arudi kazini, kila mchana Msusi alimbeba mtoto hadi langoni mwa kiwanda. Muda wa kunyonyesha haukuwepo. Palikuwa na dakika za kula, na binti aliacha kula, akanyonyesha amesimama nyuma ya kibanda cha mlinzi.

Siku ile mlinzi hakuwapo kibandani. Alikuwa barabarani amevaa soksi ndefu mpya, ameshika fimbo. Ua lilikuwa limefagiliwa hadi likang'aa. Binti alikuwa ameshamwambia mama yake asubuhi: jana mashine zilisimamishwa tangu saa tisa, zikaoshwa, na msimamizi mwenyewe alipita na wembe akikata mpira kwenye vitufe, mashine moja baada ya nyingine, akabandika ukutani picha za watu waliovaa glavu.

"Wamejuaje?" Msusi aliuliza.

Jibu lilikuja saa sita kasoro. Pikapu nyeupe iliingia kwa mwendo wa adabu, ikasimama hatua tano kutoka alipokuwa Msusi na mtoto. Mlango ukafunguliwa. Afisa kazi akashuka, na faili kifuani. Gari la ofisi yake halikuwa na mafuta, na mtu mmoja huko juu alikuwa amepiga simu kiwandani kuomba usafiri. Msusi hakuyajua hayo yote. Alichokiona ni kiti alichotoka afisa. Nailoni ya bluu ilikuwa bado ipo, imechomekwa pembeni vilevile. Hakuna aliyeitoa tangu siku ile.

Afisa alimwona, akasimama, akaona mahali macho yake yalipo. Akageuka akakitazama kile kiti.

"Njoo ndani, mama," akasema. "Huyu anaingia na mimi," akamwambia mlinzi.

Ndani mashine zilizimwa. Wanawake ishirini na wawili walisimama, kila mmoja mbele ya kiti, aproni safi. Tajiri alikuwa amekuja kwa viatu vyeupe. Afisa alibonyeza kitufe kimoja kwenye mashine ya kwanza, kisu hakikushuka. Akabonyeza viwili, kikashuka. Akaandika. Akaomba daftari.

"Namba Saba ni nani?"

Binti akasogea hatua moja.

"Mikono."

Binti akainua mikono yote miwili, vidole vimetanuka. Vilikuwa kumi kamili. Msimamizi alivitazama kwa fahari, kama amevizaa yeye.

"Daftari linasema mwezi uliopita hukukosa hata siku moja," afisa akasema. "Tarehe tatu ulikata soli mia nane. Sahihi hii hapa. Mtoto wako amezaliwa lini?"

Mtoto, kama anayesikia anasemwa, alisikia harufu ya mama yake akaanza kulia. Kwenye aproni ya binti, upande wa kushoto, likatokea doa la maziwa, likatanuka.

"Nimekuuliza, mwanangu. Amezaliwa lini?"

"Wanawake wa hapa ni chuma, afisa," msimamizi akaingilia. "Anajifungua alfajiri, saa mbili yuko kitini."

Wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mstari mzima, kimeanza pamoja, kimekoma pamoja.

Afisa hakucheka. "Ukisema kweli, sheria inakulinda. Tarehe ishirini na mbili, mama yako alipoumia, nani alikuwa kwenye kiti hiki?"

Binti alimtazama mama yake. Kisha akamtazama Namba Nane, na Namba Nane alikuwa anatazama kitufe chake cha kulia, kilichokuwa wazi. Mbele kidogo walikuwapo wifi wa kumi na moja, dada wa kumi na tano, mama mkubwa wa tatu, kila mmoja amesimama ndani ya jina la mwenzake.

"Nilikuwa mimi," binti akasema.

Afisa aliuma kalamu. Akamgeukia Msusi, akashusha sauti, lakini chumba kile hakikuwa na sauti nyingine ila ya mtoto.

"Ile fomu unayo, mama?"

Ilikuwapo. Ilikuwa ndani ya mtandio, imelainika kwa jasho, na pale penye *jina la mfanyakazi aliyeumia* pangali peupe. Neno moja lingetosha. Angeinua tu ule mkono, duara lile lingesema lenyewe, maana ukutani ilitundikwa kalibu ya kukatia kisigino, na hata kipofu angeona vinavyofanana. Lakini mtoto wake alikuwa ameshasema, mbele ya watu, mbele ya serikali. Na pikapu ilikuwa uani inamsubiri afisa, ina nailoni yake.

"Nilikuwa napasua kuni," Msusi akasema. "Shoka likateleza."

Afisa aliandika. Iliandikwa muda mrefu, hiyo sentensi fupi.

Kabla hajaondoka aliorodhesha makosa mawili. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa tupu. Na mama anayenyonyesha hapewi muda wake. Tajiri alikubali yote mawili papo hapo, akatia sahihi, akampa mkono. Langoni afisa alimsogelea Msusi.

"Mama, bado hujachelewa. Siku yoyote ukiijaza ile fomu, niletee."

"Nikiileta," Msusi akauliza, "utakuja na gari lipi?"

Si kwamba alimsuta. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Afisa alisimama na faili lake, jua likimchoma usoni, kisha akapanda pikapu. Aliikaza ile nailoni pembeni kabla hajakaa.

*

Siku hizi Namba Saba ana nusu saa ya kunyonyesha kila mchana, kwa mujibu wa sheria. Anapewa palepale nyuma ya kibanda cha mlinzi. Msimamizi humwachia kwa kutazama saa, na hulitaja jambo hilo kwa wageni.

Siku ya kwanza walikaa kwenye tofali, mama na binti, mtoto katikati. Binti ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Wewe ulisema kwanza."

"Ungenisahihisha."

"Ningekufanya mwongo mbele ya wenzako, kisha uende ukakae nao mstari mmoja?"

Binti alilia bila sauti, kwa sababu mlinzi alikuwa karibu. Msusi alimwacha alie. Hakuwa na kanga ya kumpangusa iliyo safi, na mkono wa kupangusia ulikuwa bado unauma.

"Mpira wameurudisha?" akauliza mwishowe.

Binti aliinamisha kichwa.

"Lini?"

"Gari lilipotoka tu. Hata vumbi lake halijatua."

"Kitufe kilekile?"

"Kilekile."

Kesho yake, binti alipokuja mbio na kunyoosha mikono kumpokea mtoto, mama yake hakumpa. Alimweka mtoto upande wa bega, akasema, "Lete mikono." Binti hakuelewa. "Lete nikuone."

Binti akaitoa mikono, myeusi kwa vumbi la mpira. Msusi akaanza kwenye kidole gumba cha kushoto, akavigusa kimoja kimoja kwa vidole vitatu vilivyombaki, kama alivyokuwa akigusa mafungu ya nywele kabla ya kuanza kusuka. Mtoto analia, nusu saa inakwenda, mlinzi anatazama. Hakuharakisha. Sita, saba, nane, tisa. Alipofika cha kumi alikishika kidogo zaidi ya vingine.

Ndipo akampa mtoto anyonye.